Subaru kuukuu katika nchi ya barafu: Kuondoka ni rahisi, kusimama ndiyo kazi

Mkenya aliyejifunza udereva katika barabara za udongo za Kinangop au Molo wakati wa masika hawezi kuambiwa kwamba hajui utelezi. Anajua kukanyaga akseleta kwa upole, anajua kulipa gari kasi ya kutosha kabla ya kilima, na anajua kwamba anayesimama katikati ya tope huenda akakesha papo hapo. Ujuzi huo ni mali. Hata hivyo, dereva huyo huyo akihamia jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, na kununua Subaru kuukuu kwa kuwa ndilo gari alilolizoea nyumbani, hugundua kwamba tope na barafu ni maadui wawili tofauti. Tope humzuia mtu kuondoka. Barafu humzuia kusimama.

Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno lakini imegharimu watu maisha. Minnesota ni mojawapo ya majimbo yenye jamii kubwa ya Wakenya, hasa katika vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park. Baadhi yao ni wauguzi na wahudumu katika nyumba za wazee, kazi ambazo zamu zake huanza usiku wa manane au alfajiri, saa ambazo mabasi ni haba na barabara zina barafu kuliko wakati mwingine wowote. Mwajiri hakubali udhuru wa theluji, kwa kuwa mgonjwa naye hana likizo ya theluji. Mtu lazima awe na gari, na mgeni asiye na akiba hununua gari la miaka kumi na mitano au zaidi.

Baridi yenyewe si ya kulinganishwa na ile ya Limuru mwezi wa Julai. Mnamo Januari 30, 2019, kipimo cha joto mjini Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sufuri katika selsiasi. Huko Tower, kaskazini mwa jimbo hilo, kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sufuri mnamo Februari 2, 1996, na hiyo ndiyo rekodi ya jimbo. Kenya, tukio moja la barafu lililozungumziwa na wengi lilikuwa la Septemba 2008, wakati ardhi ya kijiji cha Busara karibu na Nyahururu ilipogeuka nyeupe kwa mvua ya mawe na wakazi wakatoka nje kuishangaa. Minnesota hakuna anayeishangaa, kwa sababu hukaa barabarani kuanzia Novemba hadi Machi, na pengine Aprili.

Subaru aina ya Legacy, na nduguye Outback, ni steshenwagoni, yaani gari refu ambalo sehemu yake ya mizigo imo ndani pamoja na abiria wala si buti la kujitenga. Wasomaji wa makamo watakumbuka Peugeot 504 ya muundo huo, yenye safu tatu za viti, iliyokuwa teksi ya masafa marefu katika barabara za nchi hii. Legacy ilianza kuuzwa mwaka wa 1989, na mwaka huo huo ikaanza kuundwa pia katika kiwanda cha Lafayette, jimbo la Indiana. Outback ilifuata katikati ya miaka ya 1990. Kwa Wakenya jina hilo lilikuwa limeingia masikioni kupitia Safari Rally, ambako Patrick Njiru alishindana kwa Legacy mwaka wa 1990. Baadaye Colin McRae alishinda mashindano hayo mwaka wa 1997 kwa Impreza, naye Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka wa 2000.

Sifa kuu ya magari hayo ni injini kusukuma magurudumu yote manne wakati wote, na hapo ndipo mtego ulipo. Theluji inapoanguka usiku kucha, Subaru huondoka mlangoni bila taabu huku magari ya jirani yakizungusha matairi bure. Dereva hujiona bingwa. Anaingia barabara kuu kwa kasi ya kawaida, na kwa kuwa gari halijamwonyesha dalili yoyote ya utelezi, anaamini kwamba utelezi haupo. Lakini kila gari duniani, liwe la kusukumwa na magurudumu mawili au manne, hufunga breki kwa magurudumu manne. Wakati wa kusimama, Subaru haina faida yoyote juu ya gari dogo la jirani lililobaki mlangoni likizungusha tairi.

Hesabu yake si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu huhitaji takriban mita 14 kusimama, kuanzia wakati breki inapokanyagwa. Kwenye barafu, ambako mshiko wa tairi huweza kushuka hadi sehemu moja kwa saba ya ule wa lami kavu, gari hilo hilo huhitaji karibu mita 100, yaani urefu wa uwanja wa kandanda. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa umbali huo ni mita 250. Na hizo ni mita za breki peke yake, kabla ya kuongeza zile ambazo gari hupita dereva akiwa bado anatanabahi. Jambo la kutia moyo katika hesabu hiyo ni kwamba kasi ikipunguzwa kwa nusu, umbali wa kusimama hupungua hadi robo. Anayekwenda kilomita 25 kwa saa juu ya barafu atasimama katika mita 25 hivi.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi huona kuwa kinyume cha akili. Barafu ya baridi kali sana si telezi kama ile iliyo karibu kuyeyuka. Nyuzi 20 chini ya sufuri, barafu huwa kavu na ngumu, na tairi nzuri hupata pa kushika. Joto linapokaribia sufuri, utando mwembamba wa maji hutanda juu ya barafu na kuigeuza sabuni. Kwa hiyo siku ambayo mtu husema hali ya hewa imepata nafuu ndiyo siku ya kuogopa zaidi.

Matairi kwanza

Ikiwa mwenye gari kuukuu ana fedha za kununua kitu kimoja tu kabla ya Desemba, basi na anunue matairi ya baridi, na ayanunue yote manne. Mpira wa tairi la kawaida la kiangazi huanza kuwa mgumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi. Mpira wa tairi la baridi hubaki laini, na mbavu zake zimechanjwa mipasuko mingi myembamba inayouma theluji. Alama ya kutafuta ubavuni ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Matairi yanayouzwa kuwa ni ya misimu yote hayana alama hiyo daima, na mengi yake ni maafikiano yasiyoridhisha upande wowote. Katika nchi za Skandinavia madereva wengi hutumia matairi yenye misumari midogo ya chuma, lakini sheria ya Minnesota huwakataza wakazi wake misumari hiyo kwa sababu huchimba lami.

Kina cha mbavu nacho kina uzito wake. Tairi lililobakiwa na milimita tatu huenda likakubalika kisheria na likatosha kwa mvua, lakini kwa theluji nzito mafundi hushauri angalau milimita tano. Aidha, hewa ndani ya tairi husinyaa kwa baridi. Kwa kila nyuzi sita za joto linaloshuka, tairi hupoteza takriban pauni moja ya mgandamizo. Gari lililojazwa hewa vizuri siku ya joto mwezi wa Septemba litakuwa na matairi legevu ifikapo Desemba ingawa hakuna lililotoboka, kwa hiyo kipimo kichukuliwe kila mwezi, asubuhi, kabla ya gari kutembea.

Mwenye Subaru hulazimika kuacha tabia moja ya nyumbani. Nairobi ni jambo la kawaida kununua tairi moja la mtumba lile la zamani linapokwisha, na mengine matatu yakaendelea na kazi. Katika gari ambalo magurudumu yake yote manne yameunganishwa na injini, tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika lina mzingo mkubwa kuliko wenzake, na hivyo huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita. Tofauti hiyo hubebwa na kifaa kilichomo ndani ya giaboksi kinachogawa nguvu baina ya mbele na nyuma. Kifaa hicho kiliundwa kustahimili tofauti ya dakika chache kwenye kona, si ya kutwa kucha. Hupata joto, hulika, na hatimaye gari huanza kujivuta na kutikisika linapopinda kona kali mahali pa kuegesha. Mwongozo uliozoeleka kwa magari hayo ni kwamba mizingo ya matairi isitofautiane kwa zaidi ya milimita sita. Anayeokoa bei ya matairi matatu hujikuta analipia giaboksi, na katika gari la umri huo giaboksi huweza kugharimu kuliko gari lenyewe.

Maji, hita na kioo

Injini ya lita 2.5 iliyotumiwa katika magari hayo kuanzia mwaka wa 1996 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010 ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na ina kasoro mashuhuri ya gasketi za silinda hedi. Katika injini za mwanzo gasketi ilivuja kwa ndani, gesi ya moto ikaingia katika njia za maji. Katika zile zilizofuata ilivuja zaidi kwa nje, mafuta na maji yakichuruzika chini. Mnunuzi mwerevu huwasha injini, huiacha ipate moto, kisha huchungulia chupa ya akiba ya kulanti. Mapovu yanayopanda mfululizo ni ishara ya kushukuru na kuondoka. Harufu tamutamu ya kulanti baada ya safari, na mshale wa joto unaopanda kwenye barabara kuu lakini ukatulia mjini, ni ishara nyingine.

Mtu anaweza kujiuliza gasketi inahusiana vipi na usalama kwenye barafu. Inahusiana kwa sababu ya hita. Hewa ya moto inayoyeyusha ukungu na barafu kwenye kioo cha mbele hupashwa joto na kulanti ya injini. Kulanti ikipungua, au hewa ikiingia katika mabomba, kitu cha kwanza kupoa ni hita, hata kabla ya mshale kuonyesha lolote. Dereva hujikuta kwenye barabara yenye malori, pumzi yake mwenyewe ikiganda ndani ya kioo, akichungulia kupitia tundu la ukubwa wa sahani. Themostati iliyokwama wazi huleta balaa lile lile, nayo bei yake ni ndogo kiasi kwamba hakuna sababu ya kutoibadilisha.

Kosa baya zaidi ambalo mgeni anaweza kufanya ni kujazia rejeta maji matupu, kama ilivyo desturi katika vituo vingi vya mafuta huku nyumbani. Maji yanapoganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, na hakuna chuma cha injini kinachoweza kuyazuia. Usiku mmoja wa Januari hutosha kupasua bloku. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu kulanti ya glaikoli hustahimili hadi nyuzi 37 chini ya sufuri. Kulanti tupu isiyochanganywa maji, ajabu ni kwamba huganda mapema kuliko mchanganyiko, hivyo kuzidisha si dawa.

Wakati gasketi zinaposhughulikiwa, mkanda wa taimingi hubadilishwa pia pamoja na puli zake na pampu ya maji, kwa sababu fundi tayari ameufikia. Muda wake uliopendekezwa kwa injini nyingi za aina hiyo ni maili 105,000, karibu kilomita 169,000. Katika injini ya lita 2.5 mkanda ukikatika, pistoni na vali hugongana na injini ikawa chuma chakavu. Wazee wa gereji bado huitamani ile injini ya lita 2.2 ya kabla ya mwaka wa 1997, ambayo mkanda wake ukikatika gari husimama tu bila kuvunja kitu.

Betri nayo hupoteza takriban nusu ya nguvu zake za kuzungusha injini joto linapofika nyuzi 18 chini ya sufuri, wakati huo huo mafuta ya injini yakiwa mazito kama asali. Betri ya miaka mitano iliyowasha gari bila shida mwezi wa Agosti itakufa siku ya kwanza ya baridi ya kweli, na kwa kawaida hufa saa kumi alfajiri, zamu ikingoja. Duka la vipuri huipima mara nyingi bila malipo, na mwezi wa kuipima ni Oktoba. Mafuta mepesi ya aina ya 5W-30 husaidia. Husaidia zaidi kijihita cha umeme kinachofungwa kwenye bloku na kuchomekwa katika umeme wa nyumba saa mbili au tatu kabla ya safari. Waya wake huning'inia mbele ya gari, na wageni wengi wamewahi kudhani kwamba magari yote ya kaskazini ni ya umeme.

Chumvi hula usichokiona

Ili kuyeyusha barafu, idara za barabara humwaga chumvi. Chumvi ya kawaida hufanya kazi vizuri hadi karibu nyuzi 9 chini ya sufuri, na baridi ikizidi hapo huchanganywa na kemikali nyingine au kuachiwa mchanga. Chumvi hiyo huokoa maisha, kisha huyadai upya kwa njia nyingine, kwa kuwa hula chuma cha gari kutoka chini.

Gari la Mombasa hupata kutu ya hewa ya bahari, na huanza kuonekana milangoni. Gari la Minnesota hupata kutu pasipoonekana. Mwaka wa 2014 Subaru iliita zaidi ya magari 600,000 nchini Marekani, yakiwemo Legacy na Outback za 2005 hadi 2009, kwa sababu mirija ya breki iliyo nyuma ilikuwa katika hatari ya kulika kwa chumvi na kuvuja. Mrija ukipasuka, pedali huzama sakafuni, na umbali wa kusimama ambao tayari ulikuwa mita 100 hauna tena kipimo. Magari ya zamani zaidi yana mirija ya chuma kama hiyo, na yamekanyaga chumvi kwa miaka mingi zaidi.

Hapa kuna jambo ambalo kila mnunuzi wa gari la mtumba Minnesota anapaswa kulijua: jimbo hilo halina ukaguzi wa lazima wa kila mwaka kwa magari ya kibinafsi. Hakuna afisa atakayelipandisha gari juu na kugonga chuma kwa bisibisi. Muuzaji anaweza kupiga rangi mbavu za gari likang'aa, na chini likawa limeoza. Kwa hiyo gharama ya kumlipa fundi asiyehusika na muuzaji alipandishe gari kwenye jeki kubwa na kulichunguza chini ni gharama isiyokwepeka. Atazame mirija ya breki juu ya tangi la mafuta, fremu ndogo inayobeba magurudumu ya nyuma, mashina ya shokabsoba za nyuma, na mifuko ya mpira inayofunika viungo vya ekseli za mbele. Mifuko hiyo hupasuka, grisi ikatoka, mchanga na chumvi vikaingia.

Aliyekwisha kununua anaweza kuchelewesha maangamizi. Mafuta ya kukinga kutu hupulizwa chini ya gari kila vuli, kabla ya theluji ya kwanza, na hupenya katika mianya. Ile lami nene inayopakwa mara moja na kuachwa haifai kwa gari lililokwisha kushika kutu, kwani hufungia unyevu ndani na kutu huendelea kula gizani. Aidha, gari lioshwe chini kila baridi inapopungua na maji yanaweza kukauka kabla ya kuganda. Anayeosha gari nyuzi 15 chini ya sufuri atakuta milango imegandana kesho yake.

Hendibreki ni mfano mwingine wa desturi njema inayogeuka hasara. Waya wake ukiingia maji katika ala iliyolika, huganda, na gari lililofungwa usiku halifunguki asubuhi. Katika baridi kali, dereva huegesha mahali tambarare na kuacha gia ya otomatiki katika P, au gia ya kwanza kwa gari la klachi.

Barabarani

Kabla ya kuondoka, theluji yote hufagiliwa, si kwenye vioo tu bali hata juu ya paa. Paa la steshenwagoni ni refu, na lundo linaloachwa hapo huteleza mbele na kufunika kioo dereva anapofunga breki kwa mara ya kwanza. Kioo cha nyuma cha gari la muundo huu kina shida yake, kwa kuwa hewa huzunguka nyuma ya gari na kupiga kioo kwa ukungu wa chumvi. Waipa ya nyuma ambayo katika gari la Nairobi ni pambo, hapa ni jicho la pili.

Dereva anayetoka Kenya ana mzigo wa ziada, kwani huendesha upande wa kulia akiwa amezoea kushoto, na katika taharuki mikono hurudia ya utotoni. Mahali pazuri pa kujifunza ni uwanja mtupu wa kuegesha magari, Jumapili asubuhi, baada ya theluji kuanguka na kwa idhini ya mwenyewe. Hapo mtu aongeze kasi kidogo, akanyage breki kwa nguvu, na kusikia pedali ikitetemeka na kugugumia chini ya mguu. Mtetemo huo ni mfumo wa ABS ukifanya kazi, na wengi wasiouzoea huachilia pedali kwa kudhani wamevunja kitu. Inatakiwa kukanyagwa na kushikiliwa, huku usukani ukielekezwa panapofaa. Gari lisilo na ABS hutaka mguu unaobonyeza na kulegeza kwa upole. Kifaa cha kielektroniki cha kuzuia gari kupinduka njia, ambacho Marekani ilikifanya cha lazima kwa magari mapya ya kuanzia 2012, hakimo katika mengi ya magari haya ya zamani. Dereva mwenyewe ndiye kifaa hicho.

Nyuma ya gari ikianza kuteleza, mguu huondolewa kwenye akseleta bila kurukia breki, macho hutazama pale dereva anapotaka kwenda, nayo mikono hufuata macho. Mbele ikigoma kupinda, kuzidisha usukani hakusaidii. Dereva hupunguza akseleta na kulegeza usukani kidogo hadi matairi yashike tena. Kidhibiti mwendo hakiwashwi kabisa kwenye barabara telezi, kwa kuwa huongeza nguvu pale pale inapopaswa kupunguzwa. Nafasi kati ya gari na gari, ambayo kwenye lami kavu ni sekunde tatu, huwa sekunde nane hadi kumi.

Madaraja huganda kabla ya barabara nyingine, kwani hewa baridi huyapiga juu na chini. Makutano yenye taa nayo ni hatari, kwa sababu magari yanayosimama huyeyusha na kusugua theluji hadi iwe kama kioo, na katika baridi kali hata mvuke wa ekzosi huganda juu ya lami. Barafu hii nyembamba haionekani. Lami huonekana imelowa tu. Ishara mojawapo ni kwamba matairi ya magari ya mbele hayarushi maji juu ya barabara inayong'aa. Malori ya kusukuma theluji huenda polepole na hurusha wingu jeupe nyuma yake. Idara ya uchukuzi ya jimbo hushauri kubaki nyuma kwa umbali wa angalau urefu wa magari kumi, na anayeyapita kwa pupa huingia kwenye theluji ambayo bado haijaguswa. Huduma ya 511 hutoa hali ya barabara kabla ya safari.

Steshenwagoni ina hatari nyingine mbili zisizotajwa mara kwa mara. Mizigo imo chumba kimoja na abiria, na gari likigonga, jeki isiyofungwa huruka hadi viti vya mbele. Pili, mpira wa mlango wa nyuma ukichakaa, au mlango ukiachwa wazi kwa sababu ya kubeba ubao mrefu, hewa inayozunguka nyuma huvuta moshi wa ekzosi hadi ndani. Gesi ya kaboni monoksidi iliyomo haina harufu. Katika majira ya baridi, vioo vikiwa vimefungwa na ekzosi yenyewe ikiwa imetobolewa na kutu, abiria wa nyuma, ambao mara nyingi ni watoto, huweza kulala wasiamke.

Gesi hiyo hiyo huua waliokwama. Gari likitumbukia mtaroni kwenye dhoruba, watu hubaki ndani, kwa kuwa wengi wanaotoka kutafuta msaada kwa miguu hupotea hatua chache tu kutoka barabarani. Injini huwashwa takriban dakika kumi kwa kila saa, baada ya kuhakikisha kwamba mdomo wa ekzosi haujazibwa na theluji, na kioo kimoja hufunguliwa kidogo. Ndiyo sababu tangi halishuki chini ya nusu majira hayo yote, na ndiyo sababu nyuma ya gari hukaa blanketi, koleo, tochi, mfuko wa mchanga wa kutupia chini ya matairi, na chaja ya simu.

Ifikapo Aprili matairi ya baridi hutolewa, kwani mpira wake laini hulika upesi kwenye lami yenye joto. Gari huoshwa chini kwa maji mengi, na breki hufunguliwa na kusafishwa chumvi iliyobaki kwenye kalipa. Wakati huo maji yaliyopenya lami na kuganda na kuyeyuka mara nyingi yamekwisha kuibomoa, na barabara za Minneapolis hujaa mashimo. Wenyeji hulalamika sana. Mkenya huyapita kwa mkono mmoja.